Barua Mbili za Mkuu wa Idara

Jumatatu, 5 Mei

Tangazo limebandikwa leo asubuhi kwenye ubao wa Kitivo cha Kilimo. Tuzo ya Mhadhiri Bora wa Kitivo. Mshindi atapewa ngao ya mbao, cheti, na picha yake itatundikwa ukutani pale mlangoni, ambapo kila mgeni lazima apite. Ukuta ule nimeutazama miaka kumi na saba. Unanifaa.

Mimi Nassoro Shemndolwa, mwalimu wa Stadi za Mawasiliano, nimefundisha kuandika barua watu ambao leo ni maofisa ugani hapa Lushoto, Korogwe na mbele ya Korogwe. Hakuna aliyewahi kunipa hata kalamu. Sasa wakati umefika, na naona hata tangazo lenyewe limeandikwa kwa maneno ambayo mimi ndiye niliyewafundisha kuyatumia.

Fomu inataka wasifu, maelezo ya ufundishaji, vielelezo, na barua mbili za kuunga mkono: moja ya mkuu wa idara, moja ya wananchi. Yote kwa Kiswahili mwaka huu. Kurasa zisizidi kumi. Mwisho Jumatatu ijayo, saa sita mchana.

Mpinzani ni mmoja tu. Dkt. Evelina, mwalimu wa udongo, ofisi ya jirani. Ana miaka sita hapa chuoni. Mpole. Haongei. Buti zake zina matope hata siku za jua. Sina wasiwasi naye. Mtu asiyejisemea, nani atamsemea?

Nikampigia mama, Vuga. Nikamwambia tuzo ya kitivo imekuja kwangu, zimebaki karatasi tu. Akapiga kigelegele simuni mpaka nikaitoa simu sikioni. Hakuuliza ni karatasi gani. Mimi nami sikuona sababu ya kumchosha mzazi na mambo ya ofisini.

Jumanne, 6 Mei

Semina. "Namna ya Kuandaa Maombi Yenye Nguvu." Mtoa mada ni mzee mmoja mstaafu, Profesa Sharifu, aliyekaa kwenye kamati za tuzo muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyokaa darasani. Amepanda kutoka Tanga na koti moja jembamba. Ametetemeka tangu mwanzo hadi mwisho.

Alisema mwamuzi hakujui, kwa hiyo usimwambie wewe ni mtu gani, mwonyeshe umefanya nini. Alisema namba moja yenye ushahidi inashinda sifa kumi. Alisema barua usiombe kwa mwenye cheo, omba kwa anayeijua kazi yako. Dkt. Evelina aliandika kila kitu. Mimi nilikunja mikono. Wanasema kizuri chajiuza. Mbona nyanya pale sokoni zinapanguswa na kupangwa mafungu, nzuri zote juu? Huyu profesa hajawahi kuuza nyanya.

Jioni mama alipiga. Ameshapanga dua ya shukrani Jumapili ya tarehe 18, baada ya adhuhuri. Imamu ameambiwa. Majirani wameambiwa. Mbuzi mweusi, yule niliyemnunulia sikukuu iliyopita, amefungwa uani. Anasema tangu baba afariki hapajawa na shughuli ya furaha nyumbani kwetu, na safari hii watu hawaji kwa msiba.

Hapo ndipo nilipopaswa kumweleza. Nilifungua mdomo. Nikasikia anamsimulia mtu pembeni kwamba mwanawe ndiye mwalimu bora kuliko wote. Nikaona njia rahisi ni kushinda.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu wa Idara, Dkt. Valentino, kuomba barua. Akanijibu kama anavyomjibu kila mtu: niandike mwenyewe, nimpelekee asaini. Hapa kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Mwenye shida ndiye mwandishi, mwenye cheo ndiye mhuri. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nani ananijua kuliko mimi?

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema Dkt. Evelina naye ameomba, tena ameomba Mkuu aandike kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea idarani. Yeye Mkuu hana nafasi. Basi, kwa kuwa kalamu yangu ni tamu, nimwandikie na ile.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kitasa. Niandike barua ya mpinzani wangu? Kisha nikaelewa. Mwenyezi Mungu akitaka kumpa mtu hamwandikii barua. Nikamwambia Mkuu hakuna tabu hata kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya kazi. Nimefunga mlango, nimevaa sweta mbili, nimeandika.

Yangu kwanza. Ilitoka kwa mkupuo mmoja. "Nassoro Shemndolwa ni mahiri, mashuhuri, mweledi, mnyenyekevu, mcheshi kwa kiasi, nguzo ya kitivo na taa ya vizazi." Huo ni mstari wa kwanza. Nimehesabu maneno ya sifa: arobaini na mawili, katika ukurasa mmoja. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilipata hamu ya kumfahamu huyo mtu.

Kisha ya Evelina. Hapa panahitaji akili. Kumsema vibaya siwezi: ni dhambi, na Mkuu anaweza kutokea siku moja akasoma anachosaini. Mpango wangu ni huu. Nitamnyima sifa. Hata moja. Nitaweka mambo matupu, moja baada ya jingine, kamati isinzie.

Nikagonga ofisini kwake nikasema Mkuu anahitaji taarifa za kazi yake. Hakuuliza lolote. Akanipa daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila kitu kimo humo, tangu siku aliyofika. Nikanakili nilichotaka:

"Dkt. Evelina ana wanafunzi sitini na wanne. Miaka mitatu iliyopita waliofeli somo lake walikuwa kumi na tisa. Mwaka huu ni watatu, na hao watatu anakaa nao kila Jumamosi. Kila baada ya mvua kubwa huenda Kwai na wanafunzi, kwenye mashamba kumi na moja ya mteremko. Hukinga udongo unaosombwa na maji na kuupima kwa makopo. Shamba tupu: makopo tisa. Shamba lililopandwa majani kukata mteremko: makopo mawili. Mwaka wa kwanza walipanda majani wakulima wawili. Sasa wamepanda tisa."

Nusu ukurasa. Kavu kama makande ya juzi. Hakuna "mahiri", hakuna "nguzo", hata "mpendwa" hakuna. Namsikitikia.

Jambo moja niliandike hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisoma. Tarehe za daftari lile nazikumbuka. Ile Jumapili ya Aprili mvua ilipovunja daraja dogo la chini, mimi nilikuwa kitandani na soksi, nikimshukuru Mungu kwa bati zuri. Yeye alitoka kanisani akaenda kupima makopo. Nilitazama ukurasa ule kwa muda, nikajisikia vibaya kidogo. Kisha nikafunga daftari, nikalirudisha.

Dkt. Valentino alisaini zote mbili akiwa anaongea na simu. Hakusoma hata moja.

Ijumaa, 9 Mei

Kwai, kutafuta barua ya wananchi. Baada ya sala ya Ijumaa nikapanda bodaboda, tope mpaka magotini. Huko kuna kikundi cha kina mama wa karoti na kabichi, na mwenyekiti wao ni Mama Paskalina, mtu mzima, anayeheshimika kuliko diwani. Niliwahi kuwafundisha. Barua nilikuwa nimeshaiandika, ilibaki saini na mhuri wa kikundi.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaendelea kuosha karoti. Nilisubiri mpaka gunia la pili likajaa. Ndipo akafuta mikono, akavaa miwani, akaisoma barua polepole, kidole chini ya kila neno. Akaniuliza ni nani huyu aliyeiangazia Kwai nuru isiyozimika. Nikasema ni mimi. Akanitazama juu ya miwani.

Akasema hawezi kutia saini jambo ambalo hakuliona, lakini hapendi kumrudisha mgeni mikono mitupu. Kwa hiyo akaikata barua yangu mstari mmoja wa mshazari, kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika yake. Naiweka hapa kama ilivyo:

"Mwalimu Nassoro alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alitufundisha kuongea na wanunuzi. Tulikuwa tunaongea nao tangu zamani. Mara ya pili alifuata mwavuli wake. Ana salamu nzuri."

Akapiga mhuri. Akanipa na kabichi mbili za nyumbani. Njiani nilikasirika hadi kona ya tatu. Baada ya hapo nikaitazama barua kwa jicho la kitaalamu. Inathibitisha nilifika. Tena mara mbili. Na inamalizia kwa sifa. Barua ya Evelina haina sifa.

Jumamosi, 10 Mei

Vielelezo. Nimepata picha moja. Ni ya safari ya mafunzo Irente, mwaka juzi. Wanafunzi wamekaa kwenye mwamba, bonde lote liko chini yao, nami niko pembeni nimewapa mgongo nikila hindi la kuchoma. Rehema, katibu muhtasi wetu, ndiye niliyempa kazi ya kuchapa. Nikamtajia maelezo ya picha: "Mhadhiri akiwapa wanafunzi nafasi ya kufikiri wenyewe." Rehema aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Maoni ya wanafunzi pia yanatakiwa. Nilikuwa nimewagawia karatasi jana. Mengi ni mazuri. Moja linasema: "Huwa anamaliza kipindi mapema, tunashukuru." Nimelitia mbele kabisa.

Rehema akahesabu kurasa: thelathini na tisa. Akanikumbusha mwisho ni kumi. Ikabidi nipunguze. Nilitoa mpango wa masomo, matokeo ya mitihani na mifano ya kazi za wanafunzi, maana hivyo kila mwalimu anavyo. Nikabakiza shairi langu la kujitambulisha, beti kumi na nne. Hilo hana mwingine.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewasilisha saa tano na dakika hamsini. Jalada la kijani, utepe mweupe, jina langu kwa herufi za dhahabu. Karani wa kitivo alilipokea kwa mikono miwili.

Dkt. Evelina aliwasilisha tangu Ijumaa, kaniambia karani. Kurasa sita, pini moja ya kubania pembeni. Nikauliza kama alikuwa na jalada. Hakuwa nalo. Nilirudi ofisini napiga mluzi.

Mama amepiga. Watu arobaini wamethibitisha kuja.

Ijumaa, 16 Mei

Ukumbi ulijaa. Nilikaa kiti cha pembeni, njia ya kwenda jukwaani ikiwa wazi. Nilivaa suti ya harusi yangu, inayofunga nikishika pumzi.

Mwenyekiti wa kamati alisema maombi yalikuwa saba. Akasema mengine yalikuwa na utepe. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa ustaarabu. Akasema kilichowaamulia safari hii ni barua moja ya mkuu wa idara. Kamati haijapata kuona barua iliyosema machache ikathibitisha mengi namna ile. Nilishaanza kunyanyuka. Akavaa miwani, akasoma: "Dkt. Evelina ana wanafunzi sitini na wanne."

Nilikaa.

Akaisoma yote. Makopo tisa, makopo mawili, wakulima tisa. Maneno yangu. Makofi, watu wamesimama. Niliumia. Nasema wazi. Niliumia mpaka nikasahau kushika pumzi na kifungo kikaruka. Nilimfikiria mama na watu wake arobaini.

Na kama hilo halitoshi, mwenyekiti akamgeukia Dkt. Valentino, akampongeza kwa uandishi wa hali ya juu. Valentino akainama. Akaweka mkono kifuani! Hajawahi kuisoma barua ile hata mara moja. Kukosa tuzo ningeweza kuvumilia. Lakini hilo la kalamu yangu kushangiliwa huku mwingine akiinama, hapana. Nikasimama mbele ya ukumbi nikasema kwamba barua ile, kila neno, nimeiandika mimi Nassoro Shemndolwa.

Mkuu wa Idara akashikwa na kikohozi. Dkt. Evelina akashuka jukwaani na ngao mkononi, akaja mpaka nilipo, akanishika mikono. Machozi yanamlengalenga. Akasema mtu anayeshindania kitu hicho hicho, akaacha shughuli zake akamwandikia mwenzake barua kama ile, hajapata kumwona maishani. Ukumbi ukapiga makofi tena, safari hii kwa ajili yangu.

Ningefanya nini? Nikayapokea.

Jioni nikampigia mama. Nikasema nina jambo la kumwambia kuhusu tuzo. Akasema nitalisema Jumapili mbele ya watu, ndiyo maana amewaita. Akakata, anachambua mchele.

Jumapili, 18 Mei

Vuga. Mkeka umejaa, uani kumejaa, pilau inanukia mpaka barabarani. Mama amevaa kanga mpya. Kila aliyeingia alimpa mkono na kumwambia hongera ya mwana. Nilijaribu kumvuta pembeni mara tatu. Mara ya kwanza alinipa sinia nibebe. Mara ya pili alinipa mtoto wa mtu. Mara ya tatu Imamu alikuwa ameshafika.

Dua haijaanza, gari likasimama nje. Dkt. Evelina. Amejifunga mtandio, amebeba jibini la Irente na ile ngao. Alisikia kwa Rehema kwamba kwetu kuna dua, akaona aje kumshukuru mzazi aliyenilea. Watu walipoiona ngao wakashangilia, wakidhani ameniletea. Mama akainuka kuipokea.

Evelina alimwamkia shikamoo, akapiga goti. Kisha akaeleza kwa upole, akidhani mama anajua, kwamba tuzo kapewa yeye, na kapewa kwa sababu ya barua aliyoiandika mwanawe.

Mama alinitazama. Nilitazama mkeka. Watu arobaini walimtazama mama, na mimi nilijua ni mimi niliyemfikisha hapo. Nilitamani anipige kofi.

Hakunipiga. Alimwinua Evelina, akamkaribisha kwa Kishambaa, onga mshi, akamkalisha karibu yake. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba dua ipo palepale, ataombewa mwenye tuzo na ataombewa mwenye kalamu, maana mbuzi ameshachinjwa. Na kabla ya dua anataka kuisikia hiyo barua. Evelina alikuwa na nakala. Nikaambiwa nisome.

Nikasoma. Nilidhani watasinzia, kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Nilipofika kwenye makopo, Mzee Mussa wa shamba la juu alinyoosha mkono akauliza makopo hayo ni ya ukubwa gani. Evelina akajibu ni ya rangi, ya lita nne. Mzee akasema basi kwake ni makopo ishirini, kila mvua anaona shamba lake linateremka kwenda kwa jirani. Jirani akakubali kwamba amelipokea. Mwingine akauliza ni majani ya aina gani, yanapandwa mwezi upi, ng'ombe wanayala? Imamu mwenyewe akauliza kuhusu mteremko wa nyuma ya msikiti. Wakaandikishana majina: mashamba sita, Evelina aje na wanafunzi baada ya mavuno. Pilau ilichelewa saa nzima na hakuna aliyelalamika.

Mama alikuja kuketi karibu nami. Akasema huyu binti anafanya kazi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza barua yangu mwenyewe ilisemaje. Nikamwambia, kwa kichwa, sifa zote arobaini na mbili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, taratibu, ili wengine wasisikie: "Na ulifanya nini, mwanangu?"

Nikamwambia pilau inapoa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka nikiwa na mawazo. Nimetembea mpaka kazini badala ya kupanda bodaboda, nikilipima jambo la jana upande huu na upande ule. Kwa nini barua ile kavu iliwashika watu ukumbini, ikawashika tena Vuga mpaka wakasahau chakula? Mama aliniuliza swali zito na swali zito lastahili jibu la kweli. Nilipofika kwenye geti la chuo, jibu nilikuwa nalo.

Ilisomwa kwa sauti.

Ndiyo tofauti pekee. Ya Evelina ilisomwa na mwenyekiti, ikasomwa na mimi, tena mimi vizuri zaidi. Yangu ilisomwa na macho tu. Sifa arobaini na mbili kwa macho! Ni kama kumpa mtu pilau ainuse. Kosa halikuwa la barua, na nilijilaumu bure siku tatu.

Dkt. Valentino hasalimii leo. Mkuu wa Chuo ametoa waraka: kuanzia sasa kila anayesaini barua aiandike mwenyewe. Pigo kwa uandishi, lakini litapita. Dkt. Evelina ameniuliza kama nitafuatana nao kupima Vuga, kwa kuwa ni nyumbani kwetu. Nimemshukuru, nikasema siku hiyo nitakuwa na kazi, ingawa bado hatujapanga ni siku gani.

Kazi yenyewe nimeianza. Nimeiandikia kamati barua ya kurasa nne kupendekeza kwamba kuanzia mwakani maombi yote yasomwe kwa sauti mbele ya ukumbi. Yangu nimeshayaongeza, sifa sasa ni sitini na moja. Nimejitolea pia kuwa msomaji wa maombi ya watu wote, bila upendeleo. Ya Evelina nitayasoma haraka haraka.